Jinsi mkazo wa Kiswahili ulivyonifungulia Bialik

Wenye digrii zao waliniambia kwamba siwezi kutafsiri ushairi wa Kiebrania kwa Kiingereza hadi niongee kama Mwisraeli wa leo: mkazo mwishoni mwa neno, r ya kooni, vyote. Ushauri huo ulinila muda mrefu, na kwa shairi nililolichagua ulikuwa kinyume kabisa cha nilichohitaji.

Mimi Kiebrania nilikiokota bondeni Arava, kusini mwa Israel, nilikokwenda kwa mafunzo ya kilimo, nikichuma pilipili hoho. Nilivyotoka kwenye "lete kreti" hadi kwenye mashairi, tuache.

Nilianza na Bialik, mshairi wa Kiebrania, kwa sababu ya ubahili. Alifariki 1934, na sheria ya Israel hulinda kazi ya mtunzi kwa miaka 70 baada ya kifo chake, kwa hiyo hapakuwa na wa kumwomba ruhusa. Ukimtaka mshairi Yehuda Amichai, aliyefariki 2000, jiandae kuandika barua na kusubiri. Maandishi ya Bialik yapo bure mtandaoni, kwenye Mradi wa Ben-Yehuda, tena na alama za irabu. Usiguse shairi lisilo na alama hizo: herufi zilezile tatu huweza kusomeka kitabu, kinyozi au alihesabu.

Shairi lenyewe ni "El ha-Tzippor", yaani "Kwa Ndege", la kwanza lake kuchapishwa, Odessa 1892. Mtu yuko kwenye baridi ya Ulaya Mashariki anamkaribisha ndege aliyerudi dirishani kutoka nchi za joto. Nilipolisoma mara ya kwanza nilijisifu kwamba anatoka kwetu, maana korongo wa Ulaya hupita Israel wakija Afrika. Kumbe nchi ya joto ni Sayuni, na mtu yule anamuuliza ndege kama huko nako shida zimezidi.

Basi nikalisoma kama nilivyofundishwa: shaLOM RAV shuVEKH, tzipoRA nechMEdet (penye herufi kubwa ndipo penye mkazo). Mshororo unachechemea. Nikaamua mzee huyu hakujali mizani, nikatoa Kiingereza huru, nikampelekea mhariri mmoja London. Jibu lake lilikuwa la adabu: maana anaiona, shairi halioni. Nilimchukia wiki nzima.

Usiku mmoja nimechoka, ulimi ukarudi nyumbani wenyewe. Nikasoma kama ninayesoma Kiswahili, mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: SHAlom rav SHUvekh, tziPOra nechMEdet, me-ARtzot ha-CHOM el chaLOni (ha ni kiambishi tu, haibebi mkazo). Nikagonga meza kwa kidole. Pigo linaangukia kila silabi ya tatu, na linavuka kutoka mshororo mmoja kwenda wa pili bila kukatika! Niligonga shairi zima hadi jirani naye akagonga ukuta.

Sababu haina uchawi. Bialik alizaliwa 1873 Volhynia, ambayo leo ni Ukraine, na Wayahudi wa huko walisoma Kiebrania kwa matamshi ya Kiashkenazi, ambayo mkazo wake mara nyingi hukaa palepale unapokaa wa kwetu. Mzee mmoja shambani, nilipomsomea, alicheka mpaka akakaa chini. "Kijana, unasoma kama babu yangu. Sema tu s pale unaposema t." Yaani nechmedes. Vijana wa Tel Aviv hulisoma na mapigo hawayasikii, mimi wa pilipili hoho nayasikia. Mniache nijidai kidogo.

Kiingereza nikakianza upya kwa kidole mezani. Maneno yake ni mafupi, maana inaisha huku mizani zimebaki, na ukiteleza utajazia vivumishi. Mimi nilijazia kwa kumwita ndege mara mbili. Vina nikaviacha, kwa mtu aliyelelewa na tarbia, hiyo ni sawa na kwenda msikitini bila shati. Lakini ukilazimisha vina kwa Kiingereza, shairi hugeuka tangazo la sabuni.

Mhariri yuleyule akalichukua. Malipo hayakufikia hata bei ya kamusi.

Ila ujanja huu usiupeleke kwa mshairi Rachel, aliyefariki 1931. Yeye aliandika kwa mkazo uliokuwa ukisemwa mitaani na mashambani Palestina, na ukimsoma Kiswahili-Kiswahili utamvunja mizani. Nimo kwake sasa, na ile r ya kooni imenibidi niifanyie mazoezi bafuni.