Mbio za viatu vya theluji, zikitazamwa kutoka Dodoma

Mpwa wangu, kijana mwenye ulemavu wa akili ambaye tunaishi naye hapa Dodoma, hupenda kutazama riadha kuliko mpira wa miguu, na ndiyo sababu familia ambayo theluji yake ya karibu ni ile ya kileleni Kilimanjaro ilijikuta ikifuatilia mbio za viatu vya theluji, wakati Special Olympics, shirika la michezo kwa watu wenye ulemavu wa akili, ilipofanya Michezo yake ya Dunia ya Majira ya Baridi mjini Turin, Italia, Machi 2025. Tangu hapo nimeusoma mchezo huu kwa bidii kuliko nilivyotarajia.

Kiatu chenyewe hufungwa juu ya kiatu cha kawaida. Ni fremu pana, mara nyingi ya alumini, iliyowambwa turubai gumu, yenye mikanda ya kukaza mguu upande wa vidole na meno ya chuma kwa chini. Upana huo hutawanya uzito wa mwili ili mguu usizame, na meno hushika pale theluji iliposhindiliwa ikawa ngumu. Kisigino huachwa huru, kwa hiyo mkimbiaji akiongeza kasi sehemu ya nyuma ya kiatu humrushia theluji mgongoni. Hawezi kukimbia miguu ikiwa imekaribiana, maana atajikanyaga mwenyewe na kuanguka. Hana budi kuitanua kidogo na kuinua magoti juu zaidi. Aliyewahi kukimbia kwenye mchanga wa makorongo yetu wakati wa kiangazi anaujua uchovu wa aina hiyo, ule unaoanzia mapajani kabla pumzi haijakata. Mbio huanzia mita 25, kwa wale ambao hata umbali huo ni kazi kubwa, na hufika mita 1600 na zaidi, zikiwamo za kupokezana.

Hata hivyo, si viatu vilivyonivutia zaidi, bali namna wakimbiaji wanavyopangwa. Kwanza hugawanywa kwa jinsia na umri, kisha kila mmoja hukimbia mchujo ambao lengo lake si kumtoa mtu mashindanoni, bali kujua muda wake. Kwa muda huo huwekwa katika kundi la watu wasiopungua watatu na wasiozidi wanane wenye uwezo unaokaribiana, na mwongozo unaofahamika ni kwamba tofauti kati ya aliye mbele na aliye nyuma katika kundi isizidi takriban asilimia 15. Ndipo fainali hukimbiwa, kila kundi na fainali yake. Anayejivuta makusudi katika mchujo ili apangwe na walio dhaifu anaweza kuondolewa, jambo linaloonyesha kwamba waandaaji wanaamini wanariadha hawa wana hamu ya kushinda, na pengine hata ujanja wa kuitafuta njia ya mkato, kama wanariadha wengine wote. Watatu wa kwanza hupewa medali, na wa nne hadi wa nane hupewa riboni inayotaja nafasi ya kila mmoja. Hakuna anayefichwa kwamba amekuwa wa sita.

Nasisitiza jambo hilo kwa sababu niliwahi kuhudhuria bonanza moja la shule, ambalo sitalitaja, ambapo wanafunzi wa kitengo cha mahitaji maalumu walipangwa wote katika mstari mmoja, wakubwa kwa wadogo, wepesi kwa wazito. Mmoja alifika akiwa peke yake, akasimama akitazama nyuma kana kwamba anatafuta aliyeshindana naye. Wa mwisho walishangiliwa kwa sauti kubwa kuliko yeye. Wote wakapewa soda na daftari, mgeni rasmi akatoa hotuba kuhusu upendo, shughuli ikaisha. Upendo sikuukosa pale. Mashindano ndiyo sikuyaona. (Hotuba, kwa kweli, ilikuwa ndefu kuliko mbio zote zikijumlishwa.)

Eunice Kennedy Shriver, ambaye dada yake Rosemary alikuwa na ulemavu wa akili, alianzisha michezo ya Special Olympics katika uwanja wa Soldier Field, Chicago, Julai 1968, na ile ya majira ya baridi ilifuata mwaka 1977 huko Steamboat Springs, Colorado. Mpangilio wa makundi ndio uti wa mgongo wake, iwe ni kuogelea, kutupa tufe au kukimbia juu ya theluji.

Nimeulizwa na jamaa kama nataka Tanzania inunue viatu vya theluji. Sitaki, angalau si kwanza. Nchi za joto zinazotaka kushiriki michezo ya baridi zina mlango rahisi zaidi katika mpira wa magongo wa ukumbini (floorball), ambao hauhitaji theluji hata chembe. Fedha zikipatikana Dodoma, ningependa zianze kwa nauli za wanafunzi wanaotoka vijijini, kwa sababu mzazi wa Chamwino au Bahi hawezi kumleta mtoto mjini kila juma kwa ajili ya mazoezi.

Ila saa ya kupimia muda tunaweza kuipata. Ipo ndani ya kila simu. Nimezungumza na mwalimu wa kitengo anakosoma mtoto wa jirani yetu, naye amekubali kwamba kabla ya bonanza lijalo kila mtoto akimbie mita 50 peke yake, muda wake uandikwe daftarini, na makundi yapangwe kutokana na daftari hilo. Anahofia kwamba baadhi ya wazazi watalalamika mtoto wao akiwekwa kundi la taratibu. Nimemwambia nitakuja kuwaeleza mimi mwenyewe, na mpwa wangu ameomba kazi ya kuwaita wakimbiaji kwa majina.