Damu inayobaki kwenye kondo la nyuma

Mimi ni mkunga, na wajawazito wengi wa mimba ya kwanza hunijia na swali moja: waihifadhi damu ya kitovu cha mtoto au waiache? Kipeperushi cha kampuni ya kuhifadhi kiko mkononi, na kimeandikwa kwamba damu hiyo ni bima ya maisha ya mtoto. Ninachowaambia ni hiki: kama nyumbani hakuna mgonjwa anayeihitaji, na unapojifungulia kuna benki ya umma, yaani inayotunza damu ya kitovu kwa ajili ya mgonjwa yeyote, itoe.

Nianze na jinsi tunavyoikusanya, maana hofu nyingi zinaanzia hapo. Mtoto ameshazaliwa, yuko kifuani kwa mama yake, kitovu kimebanwa na kukatwa. Kipande kilichobaki bado kimeshikana na kondo la nyuma. Nakisafisha kwa dawa, natafuta ule mshipa mnene, nachoma sindano, kisha mfuko nauweka chini ya usawa wa kitanda ili damu ishuke yenyewe. Ndani ya mfuko mna dawa ya kuzuia damu isigande, kwa hiyo mkono wangu unautikisa polepole wakati wote. Mwanzoni kitovu kimejaa, kina rangi ya buluu iliyoiva. Baada ya dakika chache kinasinyaa na kuwa cheupe, nami najua damu imekwisha. Mama hasikii kitu. Mtoto naye wakati huo anatafuta titi.

Kinachopatikana mara nyingi hakifiki hata kikombe kimoja cha chai, lakini ndani yake mna seli shina zinazotengeneza damu, kama zile za kwenye uboho wa mifupa. Mgonjwa wa leukemia, yaani saratani ya damu, ambaye uboho wake umeuawa kwa dawa kali huwekewa seli hizo kwenye mshipa kama anavyowekewa damu ya kawaida, nazo hupita hadi kwenye mifupa na kuanza kazi upya. Jambo hili lilifanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1988 katika hospitali ya Saint-Louis, Paris, chini ya daktari Eliane Gluckman. Mgonjwa alikuwa mvulana wa miaka 5 kutoka Marekani, mwenye anemia ya Fanconi, ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha uboho, na damu ilikuwa ya mdogo wake wa kike aliyekuwa amezaliwa karibuni. Alipona.

Angalieni hapo: damu ilikuwa ya mtu mwingine. Vipeperushi havilielezi hili vya kutosha, nami linaniuma. Mtoto akipata leukemia, kwa kawaida madaktari hawamrudishii damu ya kitovu chake mwenyewe, kwa sababu mbegu ya ugonjwa inaweza kuwa ilikuwemo tangu siku alipozaliwa. Selimundu (sickle cell) nayo ni ya kurithi, hivyo kasoro imo katika seli zake zote, na za kitovu pia. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani nacho kinashauri benki za umma badala ya kumwekea mtoto damu yake binafsi.

Ila kama una mtoto mkubwa mwenye selimundu au thalasemia, ugonjwa mwingine wa damu wa kurithi, na sasa una mimba nyingine, mwambie daktari wako mapema. Hapo damu ihifadhiwe kwa ajili ya huyo mkubwa. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja wana nafasi moja kati ya nne ya kulingana kikamilifu.

Kwa asiye na ndugu wa kumfaa, damu ya kitovu ina faida moja kubwa. Uboho wa mtu asiye ndugu unatakiwa ulingane sana na wa mgonjwa. Damu ya kitovu huvumilia tofauti zaidi, kwa kuwa seli zake za kinga bado ni changa. Watu wenye asili ya Afrika, na wenye asili mchanganyiko, hupata shida zaidi kumpata mtoaji kwenye orodha za kimataifa. Kila mfuko wa mtoto wetu unaoingia benki unapunguza pengo hilo.

Si kila mfuko unakubaliwa. Damu ikiwa kidogo haitunzwi kwa matibabu. Pengine huenda kwenye utafiti. Mtu mzima anahitaji seli nyingi, wakati mwingine mifuko miwili ya watoto wawili tofauti. Hata hivyo sikati kitovu haraka ili nijaze mfuko. Shirika la Afya Duniani linashauri kisibanwe kabla ya dakika moja kupita, kwa sababu damu inayoingia kwa mtoto humwongezea madini ya chuma. Mtoto achukue chake kwanza. Mkunga akikuambia atawahi kukata ili damu ipatikane nyingi, mkatalie.

Mazungumzo haya yafanyike kliniki, miezi ya mwisho mwisho, kabla uchungu haujaanza. Utaulizwa magonjwa ya ukoo, utasaini fomu, na damu yako mwenyewe itapimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini na kaswende. Wengi huniuliza kama wataambiwa damu imekwenda kwa nani. Hapana. Ikishaingia benki ya umma si yako tena. Inasubiri katika nitrojeni iliyo kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, na mgonjwa wa kwanza atakayelingana nayo, popote alipo, ndiye atakayepewa.