Msafi ajitetee vipi?
Jana usiku nimeirudia fainali ya mita 100 ya mashindano ya dunia ya riadha, London 2017, na bado roho inaniuma. Justin Gatlin, miaka 35, anakata utepe kwa sekunde 9.92. Usain Bolt anaambulia shaba kwa 9.95. Uwanja unazomea. Gatlin anaweka kidole mdomoni, kisha anapiga magoti mbele ya Bolt.

Nawaelewa waliozomea. Gatlin alishafungiwa miaka 4 kwa testosteroni (homoni ya kuongeza nguvu, marufuku michezoni), halafu mwaka 2015, akiwa na miaka 33, akakimbia 9.74, kasi ambayo hakuwahi kuifikia ujanani. Mimi nami nilikuwa wa mbio fupi (ngazi ya chini sana). Nilipofika 31, msuli wa nyuma ya paja ulikuwa unakaza kabla hata sijamaliza kupasha mwili moto.

Lakini Kim Collins, mkimbiaji wa Saint Kitts na Nevis, alikimbia 9.93 mwaka 2016 akiwa na miaka 40! Nilishangilia hadi sauti ikakauka. Kinachonikera ni hiki: mkongwe akishuka kiwango tunasema ameacha dawa, akipanda tunasema amezirudia. Anapimwa, anaonekana safi, na bado tunamtazama kwa jicho la pembeni.