Seri Moja ya Magauni na Kilo Mbili za Zabibu

Mwishoni mwa safari yetu ya Istanbul tulibakiwa na siku moja tu, nayo tulikuwa tumekubaliana tangu Dodoma kwamba ingekuwa siku ya manunuzi. Nilikuwa na orodha ya vitu tisa, kila kimoja kikiwa na bei ambayo sikutaka kuivuka, na niliamini kwamba kwa mpango huo tungemaliza kazi kabla ya adhuhuri. Mke wangu hakuwa na orodha. Yeye alinunua Istanbul kama anavyonunua Majengo: huzunguka soko zima mikono mitupu, akiuliza bei na kupapasa vitambaa, kisha humrudia muuzaji aliyemwona tangu mwanzo. Nikiri mapema kwamba hadi jioni orodha yangu ilikuwa imepata vitu viwili.

Tulipanda tramu hadi Laleli, mtaa ambao Mtanzania yeyote ataufananisha na Kariakoo kwa wingi wa maduka ya nguo, mikokoteni na marobota yanayofungwa kwa utepe wa gundi pembeni mwa barabara. Maandishi mengi juu ya milango ni ya Kirusi, kwa sababu tangu Umoja wa Kisovieti uliposambaratika wafanyabiashara wa nchi zile wamekuwa wakifika hapo na masanduku matupu na kuondoka nayo yakiwa yamejaa. Mke wangu alipenda gauni moja la zambarau, akaonyesha kidole kimoja ili kueleza kwamba alitaka hilo tu. Muuzaji akainua nyusi, akarudisha kichwa nyuma kidogo, na kutoa mlio wa ulimi ambao kwetu una maana moja tu.

“Baba watoto, umesikia? Huyu kijana amenisonya!”

Alikuwa ameshageuka kutoka nje wakati mteja mwingine alipotueleza kwamba kwa Waturuki ishara ile ni “hapana” ya kawaida, isiyo na dharau ndani yake. Kijana alikataa kwa sababu maduka mengi ya Laleli huuza kwa jumla, na kipimo chao ni seri, yaani fungu la nguo za mtindo mmoja katika saizi zinazofuatana. Seri ya gauni lile ilikuwa na magauni manne. Nilidhani habari imeishia hapo, lakini mke wangu alisimama kimya akihesabu kwa vidole, na nilitambua mara moja kwamba alikuwa akiwapanga wanakwaya wenzake kwa ukubwa wa miili yao. Tulitoka na magauni manne, baada ya majadiliano ya bei yaliyonifanya nijifanye nasoma bango la Kirusi.

Kutoka hapo tulitembea kwa miguu hadi Kapalıçarşı, soko lililofunikwa ambalo Sultani Mehmed wa Pili aliamuru lianze kujengwa katika miaka ya 1450, muda mfupi baada ya kuuteka mji. Lina vichochoro zaidi ya 60 na maduka yapatayo 4,000, na tuliingia Jumamosi kwa kuwa Jumapili hufungwa. Sitalisifia sana, kwani bei zake zimeelekezwa kwa watalii. Kilichotufurahisha ni maneno tuliyoyasikia: duka wao huliita dükkân, hesabu ni hesap, sabuni ni sabun, na sanduku ni sandık. Mke wangu alipata ujasiri, akawa anatamka neno la Kiswahili huku akilikata mkia, na mara nyingine alieleweka.

Saa tisa alasiri tulishuka hadi Eminönü, kwenye Mısır Çarşısı, soko la viungo la karne ya 17 ambalo jina lake lina Misri ndani yake. Hapo nilifanya kosa langu la siku. Niliona zafarani ya bei rahisi kuliko nilivyoandika kwenye orodha, nikainunua upesi kabla mke wangu hajamaliza mzunguko wake. Usiku, tulipoitia kwenye maji ya moto hotelini, rangi ilitoka yote mara moja na harufu haikuwapo kabisa. Yalikuwa maua makavu ya mmea mwingine. Hakusema neno, jambo lililoniumiza zaidi kuliko kusemwa.

Yeye alisimama muda mrefu kwenye chungu za zabibu kavu, ndogo, za rangi ya asali, zilizolimwa upande wa Manisa. Wazazi wake wana shamba la zabibu Mpunguzi, na kila msimu huwa na hofu ya mavuno kuozea mikononi mnunuzi asipofika kwa wakati. Kwa hiyo hakuuliza bei kwanza, bali aliuliza zinakaushwaje. Kijana wa duka, aliyejua Kiingereza kidogo, alieleza kwamba wakulima huzichovya katika maji yaliyochanganywa na potasi na mafuta ya zeituni, ili nta ya ganda ilegee na maji yatoke upesi, kisha huzianika juani. Mke wangu aliandika maelezo hayo nyuma ya orodha yangu, ndipo akanunua kilo mbili.

Kutoka Dar es Salaam tulirudi kwa treni ya SGR, kwenye reli iliyojengwa, kwa sadfa nzuri, na kampuni ya Kituruki ya Yapı Merkezi. Jumapili iliyofuata tulizipeleka zabibu Mpunguzi. Baba mkwe alichukua moja, akaitafuna taratibu, akachukua ya pili na kuipasua kwa kucha ya kidole gumba, akaitazama juani.

“Mwanangu,” alimwambia mke wangu, “mbegu zake wamezitoaje?”