Kinyonga wa Limuru

Likizo ya Desemba nikiwa kidato cha tatu, Guka, babu yangu, alinipa panga nipunguze ua wa kayaba nyumbani kwake Limuru, kuanzia langoni hadi kwenye tangi la maji. Usiku mvua ilikuwa imenyesha, lakini asubuhi hiyo jua liliwahi kutoka. Nilipoinua tawi ili nilikate, nikakutana ana kwa ana na kinyonga jike. Tumbo lilikuwa limemjaa hadi magamba ya ubavuni yameachana, ngozi ikionekana katikati yake.

Alikuwa wa ile aina yenye pembe, kinyonga wa Jackson, ambaye kwao ni nyanda zetu za juu: viunga vya Nairobi, Aberdare, Mlima Kenya. Dume huwa na pembe tatu. Huyu alikuwa na kipembe kimoja kifupi puani.

"Usimguse," Guka akasema nyuma yangu.

Wazee wa rika lake hawakumpenda kinyonga. Walikua wakisimuliwa kwamba Mungu alimtuma awaambie watu kuwa hawatakufa, akashikwa na kigugumizi mpaka ndege akamtangulia na habari mbaya. Guka alisimama mbali kidogo, mikono nyuma, lakini hakuondoka.

Kinyonga akainua mkia. Kikatoka kifuko chembamba chenye utelezi, kinachopitisha mwanga, na ndani yake mtoto amejikunja. Kilianguka kikanata kwenye jani la chini. Kwa muda hakikutikisika. Kisha kikashtuka, utando ukapasuka, kichwa kikatokeza, na macho yakaanza kazi papo hapo: moja likitazama juu, jingine likitazama chini, kila moja kivyake. Mtoto hakufikia urefu wa kidole changu cha mwisho, lakini vidole vyake vilikuwa tayari vimegawanyika mafungu mawili, viwili huku na vitatu kule, vimekabana na kikonyo cha jani. Mkia nao ukatafuta pa kujizungusha. Mkia wa kinyonga haukatiki ukaota tena kama wa mijusi wengine wengi. Ni kiungo chake cha tano, na yule mtoto aliutumia kabla hajakauka.

Akaja wa pili, na wa tatu, mama akisogea kidogo kwenye tawi kila baada ya kuzaa.

"Anazaa," Guka akasema kwa sauti ya chini. "Mjusi anazaa!"

Nami nilikuwa nimeduwaa. Darasani tulifundishwa kuwa reptilia hutaga mayai, na wengi wao ndivyo walivyo. Kinyonga wa pwani hushuka mtini, akachimba shimo, akafukia mayai yake na kwenda zake. Iguana wa Amerika ya Kati na Kusini hufanya vivyo hivyo. Lakini udongo wa huku juu ni baridi, na yai lililofukiwa lingekaa humo bila joto la kutosha. Mama wa Limuru hubeba watoto tumboni kwa miezi mitano au zaidi, akihama kutoka kivulini kwenda juani, na joto analoota yeye ndilo linalowakuza. Kinachonistaajabisha hadi leo ni kwamba baadhi ya mijusi wa milima ya Mexico, walio karibu zaidi na iguana, nao huzaa, na walifika hapo kwa njia yao wenyewe.

Kinyonga na iguana ni wa ukoo mmoja mkubwa, ingawa waliachana zamani mno. Miaka baadaye, chuoni, nilishika mataya yao. Meno ya iguana yamepachikwa upande wa ndani wa taya, na yakitoka huota mengine. Ya kinyonga yameungana na ukingo wenyewe wa mfupa, yakilika, yamelika. Wale mijusi wa mawe wenye dume la kichwa chekundu nao wana meno ya namna hiyo, maana ndio jamaa zake wa karibu.

Lakini asubuhi ile lililomgusa Guka lilikuwa jambo jingine. Watoto walipokuwa wamepita kumi, mama alianza kupanda tawi taratibu, akaenda zake bila kugeuka.

"Anawaacha? Na watakula nini?"

Nikamwambia hawanyonyi, kila mmoja atajiwindia mwenyewe. Hakuridhika. Akanituma jikoni kwa Shosho, nyanya yangu, nilete maganda ya ndizi yaliyoiva kupita kiasi, tukayamwaga chini ya ua ili vinzi vije.

Kesho yake vilikuwa vimejaa. Mtoto mmoja alielekeza macho yote mawili mbele, akafungua mdomo kidogo, na kinzi kikatoweka. Ulimi huo huvutwa kama upinde: msuli hubana kuzunguka mfupa mwembamba, tabaka za nyuzi za mwilini ziitwazo kolajeni hunyooshwa, kisha zikaachiliwa kwa mkupuo. Mwaka 2016 mtafiti Christopher Anderson alipima ndimi za spishi 20 za vinyonga, na aliyeufyatua kwa mchapuko mkubwa kuliko wote ni mdogo wao, kinyonga wa Usambara.

Guka, aliyekuwa hataki nimguse mama yao, sasa alikuwa ameinama karibu na jani kuliko mimi, akimwita Shosho aache chai aje aone.