Siku yangu na gadireli, barabara ya Mwanza–Musoma

Saa 11 alfajiri natoka nyumbani Igoma, Mwanza, kwenda kutengeneza gadireli, vile vyuma vya pembeni mwa barabara vinavyozuia magari yasitoke njiani. Gari la kazi linatukuta barabarani, tunabanana sita pamoja na nguzo, spana na koni.

Saa 1 asubuhi tuko mbele ya Kisesa, upande wa kwenda Magu. Kuna kalavati hapo, na lori lililotoka njiani limelaza vyuma vya pembeni. Tunapanga koni, kijana mmoja anashika bendera. Mzee mwenye ng'ombe anatusalimu "Mwangaluka!" na kundi lake linapita kwanza.

Saa 3 tunang'oa. Bolti kadhaa hazina nati. Hazikukatika, watu walizifungua kwenda kuuza chuma chakavu. Hili linaniuma sana, kwa sababu gadireli si ukuta. Ni mkanda. Gari likiigonga, bamba moja linavutwa na jingine hadi mwisho wa mstari, kasi inapungua, gari linageuzwa kurudi njiani. Pasipo nati, mkanda umekatika kabla ya ajali.

Saa 5, mabamba mapya.

"Mdogo wangu, hapo umepandanisha kinyume."

"Kaka, si vyote ni chuma tu?"

Nikamwuliza, sato ukimpapasa kutoka kichwani kwenda mkiani unajisikiaje? Laini. Na ukirudi? Magamba yanakuchoma. Magari ya upande huu yanatoka Mwanza, kwa hiyo bamba la upande wa Mwanza ndilo linalokaa juu, ukingo wake ukielekea Magu. Ukigeuza, gari linakutana na makali. Alifungua manne, akafunga upya bila kunung'unika.

Kati ya nguzo na bamba kunakaa bloku, kipande cha kuvitenganisha. Wengi huiona kama mapambo, kumbe ndiyo inayozuia gurudumu lisinase kwenye nguzo.

Saa 7 wali na dagaa, chini ya mwembe.

Saa 8 napima kimo: sentimita 79 kutoka chini hadi ukingo wa juu. Marekani walipanda hadi hapo kutoka takriban 69, pikapu na magari marefu yalipozidi kuwa mengi. Ndiyo maana lami mpya ikimwagwa juu ya ya zamani, gadireli nayo ipimwe tena.

Saa 9 hadi 11 ni kazi ya ncha, yaani miisho ya gadireli, na hapa sikubali haraka. Ncha iliyoachwa wazi hupenya gari kama mkuki. Ukiiinamisha hadi chini, gari huipanda na kupinduka. Upande wa Magu barabara inaingia kwenye mkato wa kilima, tukairefusha hadi humo na kuifukia kwenye udongo, kimo kilekile. Upande wa Mwanza hakuna kilima, tumefunga kichwa ambacho kikigongwa kinarudi nyuma kikikunja bamba.

Saa 12 jioni tunarudi. Karibu na Kisesa taa zinamulika ncha ya zamani, ile ya mkia wa samaki, imeelekea magari moja kwa moja. Nilimwomba dereva asimame, nikaandika kilomita yake.