Redio ya shangazi

Wiki iliyopita nlishinda Kirumba mwaloni, lile soko la samaki la Mwanza, napima hewa, usicheke. Kuna mshkaji anasoma afya ya mazingira kaniazima vidude viwili vya kupimia moshi na vumbi, nikasema nianzie wapi kama sio pale shangazi anapokaangia samaki, maana macho yake mekundu miaka yote af ukimuuliza anasema ni usingizi.

Cha kwanza kinaenea kiganjani, unakichomeka kwenye pawabenki basi. Ndani kuna kifeni kinavuta hewa na mwanga wa leza, chembe ikipita inatawanya ule mwanga, kuna kijicho kinauona, namba inatoka kwenye skrini hapohapo. Hiyo namba ni ya pm2.5, yaani chembe zenye upana wa mikroni 2.5 kushuka chini, na unywele wako una kama 70 hivi. Ndo zile zinazozama hadi mwisho wa mapafu.

Sasa saa kumi na mbili asubuhi nipo pale, jiko la shangazi halijawashwa, namba imepanda kishenzi!! Nikampigia jamaa, akacheka sana, akauliza ziwa unaliona? Silioni bana, ukungu mtupu. Kumbe kidude kinahesabu vitone vya maji kama moshi, chenyewe kinajua mwanga umetawanyika tu, umetawanywa na nini hakijui. Saa tatu jua limetoka namba imeshuka na jiko ndo limekolea. Sikidharau lakini, maana baadae shangazi akitia kuni mbichi unaona namba inaruka palepale, akihamia upande upepo unakotokea inashuka.

Cha pili ndo kazi. Ni pampu inakaa kiunoni, kimpira kinapanda hadi kwenye kola karibu na pua, mwisho wake kikopo chenye filta, na kabla ya filta hewa inazungushwa chembe kubwa zidondoke pembeni. Inavuta lita 2 kwa dakika na lazima uhakikishe kabla na baada, betri ikichoka tu hesabu imekufa. Masaa 8 ni lita 960, hata mita moja ya ujazo haijatimia! Filta inapimwa mzani kabla na baada, tuseme imeongezeka mikrogramu 96, basi hewa ilikuwa na 100 kwa kila mita ya ujazo. WHO tangu 2021 wanasema wastani wa masaa 24 usipite 15 (najua 8 sio 24, ila si umenielewa).

Shangazi alikaa nayo siku nzima, wateja wanadhani redio. Jioni namvua akaniuliza, haya mwanangu, imesema nini? Nikamwambia bado shangazi, mpaka ikapimwe mzani. Akaguna, "kwa hiyo nimebeba redio haina hata stesheni."

Af akataka aione filta. Asubuhi ilikuwa nyeupe pee, jioni rangi ya chai ya rangi. Akaikodolea macho weee, mafuta yanaungua kule nyuma hata hasikii, mwisho akauliza, "hicho kitambaa kinafuliwa?"

Hapana shangazi, ukikifua ndo umefuta majibu.